Gervas, Uzi Uko Wapi?

Mwanangu Jeneroza,

Mama yako ameshakwambia yote ya safari. Ameshakuonyesha sweta iko upande gani wa begi, ameshakukataza kununua mayai ya kuchemsha njiani, na namba ya shangazi yako wa Dodoma ameiandika mara tatu kana kwamba wewe hujui kusoma. Huko sina la kuongeza. Sasa ni saa kumi alasiri, wewe umekwenda kuaga majirani, nami nimekaa hapa mezani na kalamu, nina hasira. Naandika nikiwa nazo hivi hivi. Nikisubiri zipoe nitaanza tena kuwa mwongo mwenye adabu, na mwongo wa namna hiyo ndiye aliyekuharibia jina.

Nimekasirikia watu wengi tangu yale yatokee. Nimemkasirikia Mwenyekiti wa bodi, nimeikasirikia kampuni ile ya mbali na barua zake tamu, nimekukasirikia hata wewe, na nitakwambia kwa nini. Lakini wa kwanza kwenye orodha ni mimi.

Unajua kwamba nimetunza masijala ya ofisi yetu ya msaada wa ardhi hapa Kasulu tangu hujazaliwa. Hujui aliyenifundisha. Aliitwa Bi Zuhura, binti wa fundi cherehani aliyetoka pwani akaja kufungua kibaraza cha kushona karibu na soko. Siku yangu ya kwanza alinisimamisha mbele ya kabati la chuma, akanionyesha faili za kawaida, mihtasari ya vijiji, maamuzi ya mipaka, barua za malalamiko. Halafu akafungua droo ya chini kabisa. Humo karatasi zilikuwa zimekunjwa mara mbili na kushonwa pembeni kwa uzi mweusi.

"Hizi ni za watu waliosema yasiyosemwa," aliniambia. "Mtu akitoa maneno ya siri, unaandika mbele yake, unamsomea, unakunja, unashona. Fundo anafunga mwenyewe kwa mkono wake. Siku ikihitajika unamwita, mkasi anashika yeye. Ukikata uzi wa mtu na yeye hayupo, wewe ni mwizi tu, hata kama hukuchukua kitu."

Mimi kijana wa Nyabibuye, mjuaji, nikacheka. Nikamuuliza kwa nini tusinunue kufuli. Akaniangalia juu ya miwani. "Kufuli linamfungia nje mwizi. Uzi unakufungia nje wewe."

Nilidhani nimeelewa. Miaka yote nilishona. Vidole vyangu unavijua.

Domitila wa Mabamba alikuja mvua zikiwa kubwa, bado hujaanza shule. Ulimzoea baadaye kwa sababu ya parachichi zake, ukawa unamwita bibi ingawa si mzee hivyo. Siku hiyo ya kwanza alikuwa mjane mpya, na alitaka kusema jambo kabla halijamzidi. Mume wake, marehemu Yohana, alijulikana Mabamba nzima kuwa mtoto wa kwanza wa mzee Bagaya. Hakuwa. Mwanamke mmoja alivuka mpaka kutoka Burundi wakati wa kukimbia, mgonjwa, akafia uani kwa mzee Bagaya akiwa na mtoto mchanga mgongoni. Mzee akamchukua mtoto, akampa jina, akamlea mbele ya wote kama damu yake. Alipozeeka akamwandikia shamba la bondeni, akaweka dole gumba mbele ya mashahidi wawili, akamwapisha Yohana na mkewe wasiseme kamwe.

"Nakuambia wewe, baba Jeneroza," alisema, "ili siku nikifa wanangu wawe na pa kusimama. Lakini Laurenti asijue." Laurenti ni shemeji yake, mtoto wa kuzaliwa wa mzee. "Akijua, hatutalala pale tena."

Nikaandika. Nikamsomea. Tukaikunja pamoja na ile hati ya shamba, nikashona, yeye akafunga fundo. Alilifunga mara mbili, akalivuta kwa meno.

Sasa twende kwenye kompyuta, maana huko ndiko mwenyekiti na mimi tulikokwenda kujifanya watu wa kisasa. Wafadhili walileta mashine ya kupigia picha karatasi. Tukaambiwa kila kitu kiingizwe ndani, mchwa wasije wakatuzidi ujanja. Faili za kawaida tulizifanya wote. Droo ya chini niliifanya peke yangu, nimefunga mlango, kwa wembe wa mama yako. Mashine haisomi karatasi iliyokunjwa, Jeneroza. Ni lazima uikunjue, uinyooshe, uilaze chali. Nilikata nyuzi zote. Nilisema moyoni kwamba nitawaita wenyewe baadaye, kwamba nitashona upya wiki ijayo. Nyuzi nikazitia kwenye kopo la majani ya chai. Ziko humo hadi leo.

Kwenye picha, karatasi ya siri na karatasi ya mpaka wa miti ya mnyaa zinafanana. Zote nyeupe, zote zina mwandiko wangu. Hakuna pa kushona.

Kisha ikaja tovuti, na kwenye tovuti watu wakalalamika kwamba hawaoni kitu. Nyaraka zilikuwa maelfu, orodha ndefu kama njia ya kwenda Kakonko. Wewe ulikuwa umemaliza chuo, unajitolea pale ofisini bila hata nauli, ndiye uliyeleta wazo la kukodi huduma ya kutafuta. Ulinieleza vizuri kuliko walimu wangu wote. Ulisema, "Baba, sisi hatuna mashine ya kusoma nyaraka zote hizi kila mtu anapouliza. Kuna kampuni zinafanya hiyo kazi. Tunawapa folda, wanasoma kila neno, wanatengeneza faharasa yao huko kwao, na sisi tunaweka kisanduku kwenye tovuti. Mtu akiandika jina, swali linakwenda kwao, jibu linarudi na mistari minne ya karatasi yenyewe."

Nilikipenda kisanduku kile. Kwa nini nikufiche? Miaka yote nilipanda kigoda, nikapiga magoti, nikapenga vumbi. Siku ulipokijaribu niliandika "Buhigwe mpaka mto" na kabla sijatoa mkono karatasi niliyoisahau tangu ujana wangu ikatokea. Niliona kama nimerudishiwa magoti yangu. Nikataka kila kitu kiwe humo, hata droo ya chini, nisiiname tena.

Na hapa naomba usome taratibu, kwa sababu wewe unayakumbuka maneno haya, na mimi nilijifanya siyakumbuki. Uliketi kwenye kile kiti kibovu, mashine ikauliza folda zipi zisomwe. Ukageuka.

"Baba, hizi za uzi nazo?"

"Weka zote."

"Lakini kisanduku ni kimoja, baba. Utakachokiona wewe hapa ndicho atakachokiona mtu wa Mabamba kwenye simu yake."

"Kwani zipo kwenye orodha ya tovuti? Hazipo. Mtu ataingiaje chumba kisicho na mlango?"

"Hii haipiti mlangoni. Inasoma folda nzima."

"Jeneroza! Nimetunza masijala hii kabla mama yako hajakubeba tumboni. Usinifundishe kazi. Weka zote."

Ukaweka. Uliuliza, ukaonya, ukanyamazishwa, ukatii. Hivyo ndivyo ilivyokuwa na hakuna namna nyingine.

Wiki chache tukapigiwa makofi. Mwenyekiti akaleta wageni, akaandika neno, akaonyesha jibu, akajigamba mpaka nikaona haya, lakini haya yenye utamu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Ukingo wenyewe ulikuja na Domitila. Aliingia ofisini asubuhi na mapema, vumbi la Mabamba bado liko kwenye khanga. Siku zote huniita baba Jeneroza, na hukaa kwanza, na huuliza habari za mama yako hadi za kuku. Siku hiyo hakukaa. Alitoa karatasi iliyochapwa, akailaza mezani, akainyoosha kwa kiganja.

"Gervas, uzi uko wapi?"

Sijawahi kupigwa kofi usoni nikiwa mtu mzima. Sasa najua linavyokuwa.

Alieleza kwa sauti ndogo, Kiswahili kikimponyoka na kurudi Kiha. Kijana wa Laurenti alikuwa Kibondo, akaingiza jina la babu yake kwenye kisanduku chetu ili apate muhtasari wa mpaka. Ikatokea mistari minne. Yohana si damu ya mzee Bagaya, mama yake alivuka mpaka akafia uani. Akaibofya, ikafunguka yote, akaichapisha kwenye duka la kuchapa. Wakangoja matanga ya shangazi yao yaishe, ukoo umekaa, wakasoma kwa sauti.

"Wakaniambia, shemeji, kumbe tulilea mgeni. Mbele ya wanangu. Mwanangu mkubwa akaniuliza, mama, mimi ni nani? Ego, ndiyo, Gervas, nijibu wewe. Ni nani?"

Mimi nilikuwa na neno moja tu la kusema. Neno lenyewe fupi. Badala yake niligeuka, nikakuangalia wewe uliyesimama mlangoni na birika la chai.

"Ni huyu mtoto," nilisema. "Ndiye aliyeweka mambo ya kompyuta."

Nawe ukaliweka birika chini, ukapiga goti. "Nisamehe, mama."

Jeneroza, hapo ndipo nilipokukasirikia. Nilikukasirikia kwa sababu ulinisitiri nami sikustahili kusitiriwa. Ungesema "Baba, si wewe uliyeniambia niweke zote?" ningekemea, ningepandisha sauti, lakini ningekuwa nimekamatwa. Ulinipa mwanya, nikapita.

Dakika ile ile uliifuta karatasi ile kwenye folda. Tukajaribu kisanduku. Mistari minne ikatokea tena! Ukanieleza kwamba kufuta kwetu si kufuta kwao. Walishasoma, wanayo maneno kwenye faharasa yao, mpaka aingie mwenye akaunti aamuru yaondolewe. Na mwenye akaunti alikuwa nani? Mwenyekiti. Alitaka ifunguliwe kwa barua pepe yake ili aitwe mwenye mradi. Neno la siri lilikuwa kwenye simu yake, na simu yake ilikuwa kwenye semina. Nilimpigia mpaka salio likaisha. Nilimwandikia. Akajibu siku ya tatu: "Niko kikaoni, tutaliangalia."

Ukaandikia kampuni. Wakajibu upesi, hilo nakubali. Asante kwa subira yako, ombi lako ni muhimu kwetu, tafadhali thibitisha kwamba wewe ndiye mwenye akaunti. Ulipowaandikia tena, jibu likaja lile lile, nukta kwa nukta. Nani aliwaambia nina subira? Kule Mabamba wajukuu wa mzee Bagaya walikuwa wanapanda mnyaa katikati ya maharage ya Domitila, wanachora mpaka mpya, na mashine inanishukuru kwa subira. Siku tisa, mwanangu. Mtu wa Mabamba hata asiye na haja akaandika tu jina aone. Siku ya tisa mwenyekiti akarudi, ukaingia, ukafuta, ukajaribu mara kumi kuhakikisha. Ulifanya kazi ile bila kula, na mimi nilikaa pembeni nikitoa pumzi kama mtu aliyedhulumiwa.

Bodi ikakaa. Unaujua muhtasari wake. "Kijana wa kujitolea, Jeneroza, binti wa mtunza masijala, alichagua folda isiyo sahihi." Waliuliza nani anakubali. Niliona mikono inapanda, na mmojawapo ulikuwa wangu.

Na kwa kuwa sisi ni watu wa uwazi, muhtasari ukawekwa kwenye tovuti. Na kwa kuwa kisanduku husoma kila kitu, kikausoma. Jioni moja nilipita nyuma ya kiti chako nikakuona umeandika jina lako mwenyewe. Ulikuwa unaitazama ile mistari minne. Uliponiona ukafunga haraka, ukasema, "Yaishe, baba." Yaishe! Yaliisha kwa nani? Domitila bado analala na mnyaa dirishani. Wewe unakwenda Dodoma kuanza kazi ya kompyuta hizo hizo, kwa watu ambao kabla hawajakupa kiti wataandika jina lako waone wewe ni nani. Kitakachowajibu ni uongo wa baba yako.

Nikwambie la zamani, mama yako ndiye pekee anayelijua. Nikiwa mdogo kule Nyabibuye tulichunga mbuzi mimi na Filbert, baba yako mdogo. Siku moja nilikwenda kuogelea, mbuzi wakaingia kwenye maharage ya jirani, wakamaliza tuta zima. Baba alipouliza nikasema ni zamu ya Filbert. Haikuwa. Alichapwa mpaka jirani mwenyewe akaja kuombea. Filbert aliniangalia tu. Umekuwa ukijiuliza kwa nini baba mdogo akija hapa hunywa maji tu, hali chakula. Mama yako akimkaribisha husema ameshiba. Ameshiba tangu siku ile. Nami sijawahi kumwambia kitu, nikawa namtumia zawadi za sikukuu, shati, kiberiti cha gesi, tochi. Mtu akikubebea kosa huwezi tena kumtazama usoni, unabaki kumpa vitu. Mwezi uliopita nilikununulia simu mpya. Unaona?

Mama yako alijua tangu siku ya birika. Hakupiga kelele. Alingoja umelala, akasema, "Ulimzaa akufichie?" Baada ya hapo, wiki nzima, maneno yake kwangu yalikuwa mawili tu: chakula tayari.

Sasa, la wiki hii. Jumatatu mwenyekiti alikuja na karatasi ameshaichapa. Ijumaa baraza la kata linakaa Mabamba kuhusu shamba la bondeni, wameomba ofisi itoe maelezo. Karatasi ilisema zile nyaraka zilivuja kwa uzembe wa kijana wa kujitolea ambaye hayupo tena, na kwamba ofisi haiwezi kuthibitisha uhalali wa hati ya shamba. Yaani ili sisi tuonekane safi, Domitila apoteze hati na wewe ubaki na doa.

"Saini hapo, mzee Gervas," aliniambia. "Mkataba wako unaisha, tunataka kuuongeza. Na mtoto kashapata kazi, hili halimdhuru."

Nilikuwa nimeshika kalamu. Siongopi, niliikaribia karatasi. Kilichonizuia si ushujaa, usinipambe. Ni neno lile la "mtoto". Nilikumbuka ni mimi niliyelianzisha, na sasa lilikuwa linatembea kwa miguu yake, linakanyaga watu. Nikamwambia aondoke na karatasi yake kabla sijaila mbele yake. Akasema nazeeka vibaya. Nikamjibu nilishazeeka vibaya siku nyingi, leo ndiyo nimeamka.

Nimeandika taarifa yangu. Ndani yake nimesema hati ya shamba ni halali, niliishika mimi, nikaishona mimi, fundo lilifungwa na mwenyewe. Mzee Bagaya alijua anampa nani na akampa. Uzi niliukata mimi bila mwenyewe kuwepo. Folda niliamuru mimi. Binti yangu aliuliza na akaonya. Mbele ya bodi nilinyoosha mkono juu ya uongo.

Leo asubuhi ulidhani nimekwenda kununua dagaa. Nilikwenda ofisini, ufunguo ungali mfukoni. Nilichukua daftari lako, lile ulilochora hatua zote za kuingiza waraka mpya, na mishale yako, na pale ulipoandika "baba usiogope, bonyeza tu". Nilipiga picha taarifa, nikaitia kwenye folda ya nyaraka za wazi, nikaamuru isomwe; kuingiza hakuhitaji neno la siri la mwenyekiti, kufuta ndiko kunakohitaji. Nilikosea mara mbili. Mara ya tatu ikakubali. Mihtasari ya bodi ni ya wazi, na la kuisahihisha ni la wazi vile vile. Majina ya Domitila, mume wake na mzee Bagaya sikuyaweka humo, hayo nimeyaandika kwenye nakala ya baraza peke yake, mkononi. Hilo nimejifunza, ingawa kwa gharama ya mtu mwingine.

Mwenyekiti alinikuta nikifunga mlango. Nilimpa funguo zote, ya ofisi na ya kabati. Akasema ataifuta. Nikamwambia afute, nitamwandikia kila anayemjua kwamba amefuta, na kwamba nakala iko kwa mtendaji, kwa paroko, na kwa binti yangu. Hii uliyo nayo ni ya kwako, nimeiweka nyuma ya barua hii.

Kesho usishangae ukiniona ndani ya basi. Sikusindikizi. Ninashuka Kibondo, nitalala kwa rafiki, keshokutwa nitapanda kwenda Mabamba nimfikie Domitila kabla ya baraza. Nina karatasi zake, zile zenyewe za droo ya chini, na matobo ya sindano pembeni. Sikuzishona upya. Nilitaka, nikaona nitakuwa najifanya hazikukatwa. Nimechukua na kopo la nyuzi. Sijui kama atanifungulia mlango. Akinifungia, nitakaa nje mpaka Ijumaa, na barazani nitasema hivyo hivyo. Mwanawe alipouliza yeye ni nani, alistahili kusikia jibu kwa mama yake, siku aliyoichagua mama yake. Hilo siwezi kumrudishia hata nikiongea mpaka koo likauke. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwenye basi usinishike mkono na kuniambia yaishe. Kaa kiti chako, nami nitakaa changu. Ukitaka kunikasirikia nikasirikie njia nzima, kilima chote cha kwenda Kibondo, nitafurahi kuona unakasirika hatimaye. Umenyamaza vya kutosha katika nyumba hii. Filbert alinyamaza, akazeeka na njaa mezani kwangu.

Huko uendako watakuambia tena "weka zote". Watakuwa wakubwa, wana haraka, wana wageni wanaongoja kupiga makofi. Wewe uliuliza swali sahihi kabla mtu yeyote katika ofisi ile hajajua kuna swali. Sina la kukufundisha hapo. Ninachokuomba ni kimoja: siku nyingine mtu akikugeukia na kusema "ni huyu mtoto", liache birika mkononi, usipige goti, hata kama mtu huyo ni mimi.

Kabla sijarudisha funguo, niliandika jina lako kwenye kisanduku. Nilisubiri. Muhtasari wa bodi ukatokea, bado upo, sikuugusa, nimekoma kukata vitu vya watu faraghani. Lakini juu yake, mahali pa kwanza, imekaa ya kwangu. Unajua huonyesha mistari minne tu, halafu inakatika:

"Jeneroza hakuchagua folda. Aliniuliza, akanionya, nikamnyamazisha. Uzi niliukata mimi, Gervas, baba yake, nikiwa peke yangu na mlango nimeufunga, kisha nikasema ni mtoto, na..."

Niliisoma nimesimama. Iache ikatike hapo, inatosha.

Barua hii sikuishona. Msomee umtakaye.

Baba yako,
Gervas